Chuku ya Rangi: Uteuzi wa Mchoraji wa Majengo mjini Kitale

Imezoeleka kuupima mchoro wa jengo kwa kigezo kimoja: je, unafanana na jengo lenyewe? Madirisha yakihesabiwa yakatimia, na paa likanyooka, mchoraji hupongezwa. Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Kufanana ni kazi ambayo kamera huitimiza kwa nukta moja. Mchoraji huhitajika kwa kuwa yeye huteua, na uteuzi wake ndio unaopaswa kuhakikiwa.

Mji wa Kitale unalidhihirisha jambo hili barabara. Reli iliufikia mwaka 1926, enzi za walowezi. Leo nyumba za kilowezi, maduka yenye baraza na maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao yamo katika mji mmoja na Makumbusho, ambayo jengo lake lilifunguliwa mwaka 1974 na ambayo uwanjani yana vielelezo vya nyumba za jadi. Msanii anayenuia kuchora mfululizo wa picha za majengo haya hukabiliwa na uamuzi kabla hata hajachovya brashi. Akianza na nyumba ya mlowezi, amekwisha kudai kwamba historia ya Trans Nzoia ilianza na mlowezi. Akianza na msonge, amedai vingine.

Hata msonge wenyewe una mtego. Nyumba ya makumbusho haina moshi, haina mwenyewe. Anayeinakili hunakili kielelezo, si makao. Anayetaka kuonyesha makao hana budi kuuchora ukuta ungali mbichi, wenye alama za viganja vya mwanamke aliyeukandika.

Uamuzi wa pili unahusu umbo na rangi. Tuseme mchoraji anayainamisha maghala ya nafaka juu ya mkulima aliyefanywa mdogo kama punje. Wapo watakaosema amekosea vipimo. Ajabu ni kwamba wasomi hao hao huikubali chuku katika shairi na tashihisi katika riwaya pasipo kunung'unika. Kwa nini kalamu iruhusiwe kutia chumvi na brashi ikatazwe? Mkulima anayesubiri bei ya mahindi yake itangazwe huliona ghala hilo hivyo hivyo: refu, zito, lililomwinamia.

Uamuzi wa tatu ni takriri. Claude Monet wa Ufaransa alilichora kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara thelathini kati ya miaka 1892 na 1894. Jengo ni lile lile. Kilichobadilika ni mwanga. Ghala la Kitale nalo si moja mwezi wa njaa na mwezi wa mavuno. Hata hivyo, kuiga mbinu ya Monet bila sababu ya kwetu kusingefaa. Elimo Njau, katika michoro mitano aliyoikamilisha mwaka 1959 kwenye kanisa la Murang'a, aliyaweka masimulizi ya Biblia katika mandhari ya Kiafrika. Hakuazima mandhari ya Ulaya, na picha zake hazikupungukiwa na maana.

Wapo wanaohoji kuwa majengo ya kale yanabomolewa, hivyo mchoraji ana wajibu wa kuyahifadhi jinsi yalivyo. Hoja hii ina uzito, lakini wajibu huo hutekelezwa vyema zaidi na picha za kamera na ramani za wasanifu. Isitoshe, tazama Chetambe, karibu na Webuye, ambako ngome ya Wabukusu ilishambuliwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Mchoraji atanakili nini pale, ilhali ukuta wa kunakili haupo? Hapo ama atumie ubunifu, ama anyamaze; na kunyamaza ni kuukubali usahaulifu.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana dhima katika suala hili. Istilahi za kuuhakiki uchoraji tunazo tayari: chuku, takriri, tashihisi, taswira. Zimefungiwa katika fasihi kana kwamba jicho halisomi. Zitolewe, zipelekwe mbele ya picha, na swali la kwanza liwe: kwa nini msanii aliteua hivi wala si vile? Swali la kufanana linaweza kusubiri.