Kabla Hujaaga Wodini

Watu wa Kibokoni, Mombasa, hatumwachi mgonjwa peke yake. Jirani akilazwa Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani, jioni kitanda chake kimezungukwa, na chini kuna chupa ya chai, kikapu cha mikate na mfuko wa matunda. Ni desturi njema, isikatike. Ila saa ya wageni ikiisha twaondoka na vitu twaviacha palepale, njiani mwa mguu wa mgonjwa atakayeamka usiku kwenda chooni.

Mzee haanguki kwa uzembe. Kulala siku nyingi kumemlegeza miguu, na dawa ya presha humtia kizunguzungu akisimama ghafla. Zaidi ya hayo ana haya. Bibi wa miaka 70 atajikaza hadi alfajiri kuliko kumwita nesi, sikwambii nesi akiwa mwanamume. Kisha waja udhu: sakafu ina maji, ndara zateleza, naye hataki kumsumbua mtu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi wamepita miaka 60.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kuaga ondoeni vitu chini. Mpelekeni chooni mapema. Maji ya kunywa, miwani na mkongojo viwe karibu na mkono wake. Mkumbusheni kuwa mgonjwa huruhusiwa kutayamamu badala ya kutia udhu kwa maji, na kuswali akiwa amekaa au amelala. Neno hilo likitoka kwa mwanawe au kwa shekhe wa mtaa, atalipokea. Na mbele yake mwambieni nesi, "Mama akihitaji kwenda chooni atakuita." Hapo ile haya hupungua.

Akianguka, msimnyanyue kwa makwapa wala msimchue na mafuta. Mwacheni chini, mwiteni nesi. Mguu ukionekana mfupi au umepinda nje, huenda nyonga imevunjika. Akiwa anatumia dawa za kulainisha damu na amegonga kichwa, daktari amwone hata kama asema hajambo.

Jambo la mwisho lataka ujasiri. Ngazi za nyumba zetu ni kali, na wazee wengi walishaanguka nyumbani wakatuomba tusiseme. Aliyewahi kuanguka ni rahisi kuanguka tena. Siku ya kumlaza, mwambieni nesi.