Tupime Kwanza, Ndipo Tulalamike

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyeiweka mizani ili waja Wake wasidhulumiane. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Ni nadra Ijumaa kupita bila ya kusikia barazani, baada ya Swala, kauli hii: “Vyombo vya habari vinatupiga vita Waislamu.” Msemaji hutaja kichwa kimoja cha habari kilichomkera, au filamu moja aliyoiona, au kitabu cha shule alichokikuta katika mkoba wa mwanawe. Wasikilizaji huitikia, huondoka na uchungu nyoyoni, na Ijumaa inayofuata maneno ni yale yale. Hatusemi kwamba uchungu huo hauna msingi. Tunachouliza ni hiki: je, tumepima?

Tunauliza kwa sababu watoto wetu wanatusikiliza. Kijana anayeambiwa kila siku kuwa ulimwengu mzima unamchukia, bila ya kuonyeshwa ushahidi, anaweza kuishia kuionea haya dini yake, au kuwachukia majirani zake wasio na hatia. Na pale ambapo dhulma ipo kweli, lalamiko lisilo na hesabu huzimwa na mhariri kwa maneno machache tu: “Hayo ni maoni yenu.” Hivyo tunapoteza mara mbili: haki yetu haipatikani, na nyoyo za vijana wetu zinaharibika.

Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuichunguze habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, ametuonya kwamba chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Amri hizi hazikuwekewa mipaka kuwa ni za wakati tunaposemwa vizuri tu.

Wanazuoni wa mawasiliano wanayo njia ya kupima jambo hili, nayo huitwa uchambuzi wa maudhui. Wanafunzi wa sekondari wameizoea ibara ya “fani na maudhui” katika somo la fasihi. Tofauti ni kwamba hapa msomaji hatafuti ujumbe kwa hisia zake pekee. Anahesabu kwa kanuni alizoziandika kabla ya kuanza. Mwaka 1952 Bernard Berelson wa Marekani aliieleza kuwa ni njia ya kueleza yaliyomo wazi katika mawasiliano bila upendeleo, kwa utaratibu na kwa tarakimu.

Fikra yenyewe ni kongwe zaidi. Katika karne ya 18 huko Uswidi, mkusanyo wa nyimbo 90 za kidini ulituhumiwa kuwa unawapotosha watu na kudhoofisha kanisa la dola. Baadhi ya wasomi wakahesabu alama za kidini zilizomo katika nyimbo hizo. Wengine wakahesabu alama hizo hizo katika kitabu rasmi cha kanisa, na tofauti haikuonekana. Kelele za pande zote mbili zikakutana na hesabu.

Tuje kwa yanayotuhusu. Jack Shaheen, Mmarekani aliyezaliwa katika familia ya Kikristo yenye asili ya Lebanon, alitazama filamu zaidi ya 900 za Hollywood zenye wahusika Waarabu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2001 alionyesha kuwa zilizowaonyesha kwa wema zilikuwa 12 tu, na takriban 50 ziliwaonyesha kwa uwiano. Zilizobaki ziliwadhalilisha. Asingekuwa na orodha hiyo, angeonekana mlalamikaji kama wengine.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, walichambua habari 974 za magazeti ya nchi hiyo kuhusu Waislamu wa Uingereza, za kuanzia mwaka 2000. Kiasi cha thuluthi mbili ziliwaeleza Waislamu kama tishio au tatizo. Lakini hesabu ilifichua pia jambo ambalo hasira isingeliona: kufikia mwaka 2008, habari za tofauti za dini na utamaduni zilikuwa zimezipita kwa wingi habari za ugaidi. Aliyekuwa akijitetea dhidi ya tuhuma za mabomu peke yake alikuwa akijibu swali la jana.

Na ushahidi mahususi huzaa matunda. Filamu ya katuni ya Aladdin ilipotoka mwaka 1992, Wamarekani wenye asili ya Kiarabu walinyoosha kidole kwenye maneno maalumu ya wimbo wake wa mwanzo. Katika mkanda wa video uliotolewa mwaka 1993, baadhi ya maneno hayo yalibadilishwa.

Kazi hii haihitaji shahada. Familia inaweza kuianza mezani. Kwanza, liwepo swali moja lililo wazi: kwa mfano, gazeti tulisomalo huitaja dini ya mtuhumiwa wakati gani, na huinyamazia wakati gani? Pili, zichaguliwe nakala bila ya kupendelea. Tusichukue zile zilizotukera tu. Tuchukue Jumatatu ya wiki hii, Jumanne ya wiki ijayo, na kuendelea hivyo. Tatu, yaandikwe makundi ya kuhesabia, na maana ya kila kundi. Nne, na hili ndilo kubwa, watu wawili wasome habari zile zile kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wakihitilafiana sana, kasoro imo katika kipimo chao. Wakirekebishe kabla ya kumlaumu mwandishi.

Kitabu cha shule hupimwa vivyo hivyo. Orodhesheni majina yote yaliyomo. Nani ni daktari, nani ni mwizi? Nani anafundisha, nani anapika? Katika riwaya, mwalimu wa chuo cha Kurani anaonekana mara ngapi akiwa na hekima, na mara ngapi akiwa na fimbo tu?

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kuhesabu maneno hakumwonyeshi mtu nia ya mwandishi, kwani nia anaijua Mola wake. Wala hakutuambii msomaji ameathirika vipi. Tena yapo yasiyohesabika kwa wepesi kwa sababu hayakuandikwa kabisa, na kunyamaziwa nako ni aina ya kusemwa. Kwa hiyo hesabu haiondoi busara. Huipa busara mahali pa kusimama.

Limebaki moja, nalo ni zito kwetu. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tuisimamie haki hata dhidi ya nafsi zetu, na Suratul Mutaffifin inawaonya wale wanaotaka watimiziwe wanapopimiwa, na wao wanapowapimia wengine hupunja. Basi mizani hii tuielekeze pia kwetu. Je, hotuba zetu huwataja majirani wasio Waislamu kwa wema mara ngapi? Vitabu vya madrasa zetu vinamwonyesha mtoto wa kike akiuliza swali la elimu, au akifagia tu? Na ukurasa huu wenyewe, katika mwaka mzima, umewapa akina mama nafasi ngapi za kusema?

Tulipojiuliza swali hilo la mwisho, hatukuwa na jibu. Tulikuwa na dhana tu, na dhana ilitupendelea. Tumeazimia kuzihesabu kurasa zetu kabla ya kuhesabu za wenzetu, na tutakayoyakuta tutawaeleza wasomaji, hata kama yatatuaibisha.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tukitaka kupewa haki yetu, tuje na mizani mkononi, na sisi wenyewe tuwe wa kwanza kupimwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia neno wakalithibitisha, na wanaopima wakatimiza. Amin.

Wabillahi Tawfiq.