Gari Likizimika Njiani

Ndugu msomaji, huenda huna gari, wala hutazamii kununua. Hata hivyo usiupite ukurasa huu. Sisi wa vijijini tunapanda magari ya watu: Noah ya kukodi inayompeleka mgonjwa, Costa ya harusi, lori lililobeba mahindi pamoja na wenye mahindi, gari la wafiwa linalorudi usiku kutoka mazishini. Likizimika katikati ya pori, hapo hakuna tajiri wala maskini. Wote mmo katika shida moja, na pengine neno la mtu mmoja mwenye akili iliyotulia ndilo litakalowafikisha nyumbani.

Hapa kwetu Ruhuwiko tuko jirani kabisa na mji wa Songea, na mafundi hawako mbali. Lakini safari zetu hazikomei mjini. Mgonjwa akizidiwa tunapita Likuyufusi kwenda hospitali ya Peramiho, kilomita zipatazo 25. Mwenye ndugu Njombe au Makambako hupanda milima na kushuka mabonde, na huko ukungu hushuka hata usione hatua ishirini mbele. Gari halichagui mahali pa kuzimika.

Basi, shika neno hili kabla ya mengine yote: kilichoharibika katika umeme wa gari mara nyingi ni kitu kidogo, kinachoua watu ni haraka na giza.

WATU KWANZA, GARI BAADAYE

Gari likianza kudhoofu, dereva alitoe upande wa kushoto, nje ya lami kadiri awezavyo, avute breki ya mkono na kuwasha taa za dharura. Abiria wote washuke kwa upande wa majani, wala si upande wa barabara. Wakae mbali na lami, watoto wameshikwa mikono. Asibaki mtu nyuma ya gari, maana gari jingine likilivamia, wa nyuma ndiye wa kwanza.

Kisha weka kibao cha pembetatu kinachong'aa, nyuma ya gari, hatua 60 au zaidi. Kama mmesimama baada ya kona au kilele cha mlima, kiweke kabla ya kona au kilele hicho, ili anayekuja aonywe mapema. Kama hakipo, kata matawi mabichi, kama desturi yetu ilivyo. Na kama umeme umekwisha kabisa na taa za dharura haziwaki, mtu mzima mmoja asimame pembeni, nje ya lami, na tochi.

Tena, msiondoke na kuyaacha mawe mliyozuilia magurudumu. Jiwe lililosahauliwa barabarani ni mtego kwa mwenye pikipiki usiku.

Usidhani ninatisha watu bure. Mwezi Januari 2025, huko Segera, wilaya ya Handeni, lori liliwavamia watu waliokusanyika barabarani kuwasaidia wenzao waliopata ajali. Watu 11 walikufa. Walikuwa wanatenda wema, lakini walisimama mahali pa hatari. Huruma ni njema, ila nayo isimame nje ya lami.

Na mkiwa na mgonjwa, msingoje fundi. Mmoja apige simu papo hapo kutafuta gari jingine, hata kabla boneti haijafunguliwa. Gari likipona, mshukuruni yule wa pili na kumlipia mafuta yake. Hiyo si hasara.

MTUNGI NA MCHOTA MAJI

Sasa tufungue boneti. Ili uelewe umeme wa gari, fikiri juu ya nyumba yenye mtungi mmoja. Betri ndiyo mtungi. Alteneta ndiye mchota maji, naye huujaza mtungi wakati wote injini inapotembea. Mkanda wa feni ndio miguu ya mchota maji. Ukikatika, hachoti tena. Waya ni njia, na fyuzi ni mlinzi mlangoni. Stata, ile mota inayoiamsha injini, ndiye mgeni mwenye kiu kubwa: kwa sekunde chache hunywa kuliko wote nyumbani.

Betri ya namna hii, yenye risasi na asidi, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na hata leo magari mengi yanaitumia. Ile ya gari dogo ina vyumba sita, na nguvu yake ni volti 12. Ikijaa vizuri na injini imezimwa, kipimo huonyesha karibu 12.6, ikishuka hadi 12, mtungi uko karibu mtupu. Injini ikiwaka, kipimo hupanda kufika 14 hivi, ndiyo dalili kwamba mchota maji yuko kazini. Kwa hiyo fundi akikuambia, “Nunua betri mpya,” mwombe kwa adabu apime kwanza mbele ya macho yako, injini ikiwa imezimwa na tena ikiwa inawaka. Watu wengi wamenunua mtungi mpya, kumbe mchota maji ndiye mgonjwa. Baada ya siku mbili gari likazimika tena, na fedha za ada ya watoto zimekwisha.

SIKILIZA GARI LINASEMAJE

Penye wengi pana mengi. Gari likizimika, kila abiria huwa fundi. Waache waseme, wewe washa ufunguo na usikilize.

Kwanza, kimya kabisa, na taa haziwaki: betri imekwisha, au waya umechomoka kwenye kichwa chake. Kama taa zinawaka vizuri lakini ni kimya, na gari ni la otomatiki, tazama gia. Isipokaa sawasawa kwenye P au N, stata haiitikii.

Pili, tik-tik-tik ya haraka, na taa zinafifia: betri ina nguvu kidogo, au vichwa vyake vimelegea au vimeota unga mweupe au wa kijani.

Tatu, mlio mmoja mzito “tak!” na taa zinang'aa: shaka iko kwenye stata. Pengine kuigonga taratibu kwa mpini wa spana huiamsha kwa mara moja, lakini gia iwe huru na breki ya mkono imevutwa. Kesho yake ipelekwe kwa fundi.

Nne, injini inazungushwa kwa nguvu lakini haiwaki: usiilaumu betri. Tazama mafuta kwanza, maana wako waliofungua gari zima kumbe tangi ni tupu. Kisha tazama fyuzi ya pampu ya mafuta.

Wasafiri wa Njombe mwezi Juni na Julai wajue pia kwamba baridi huipunguzia betri nguvu. Betri iliyochoka huweza kuwasha gari Songea mchana, ikakataa Njombe alfajiri.

VICHWA VYA BETRI

Jambo dogo lizimalo magari mengi ni uchafu wa vichwa vya betri. Zima gari. Vua saa na pete ya chuma. Pasiwe na sigara wala kibiriti, maana betri hutoa hewa inayolipuka. Usimulike kamwe kwa moto. Fungua kwanza waya wa hasi, wenye alama ya kutoa. Magari mengi ya Kijapani hutaka spana namba 10. Kisha fungua wa chanya. Sugua vichwa na pete za waya kwa msasa au brashi mpaka ving'ae. Nyumbani waweza kuosha unga ule kwa maji na magadi ya kuokea, usiache yaingie ndani ya betri. Katika kurudisha, anza na chanya, maliza na hasi, ukaze barabara.

Kama betri ni ya kufunguliwa na maji yamepungua, ongeza maji ya betri yanayouzwa dukani, si ya bomba wala ya mtoni. Usiongeze asidi. Asidi ikimrukia mtu machoni, mmwagilie maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha mkimbizeni hospitali.

KUAZIMA NGUVU KWA JIRANI

Mkipata gari jingine lenye volti zilezile, waya za kubusti zitasaidia. Malori mengi makubwa yana volti 24. Usiyaunganishe na gari dogo. Magari yasigusane. Fuata mpango huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri mbovu, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Washa gari zima, ngoja dakika chache, kisha jaribu bovu. Likiwaka, toa waya kwa kurudi nyuma: wa mwisho kufungwa awe wa kwanza kutolewa.

Kusukuma kunafaa kwa gari la gia za mkono tu, mahali tambarare, mchana, na pasiwe na mtu mbele ya gari. Gari la otomatiki halisukumwi ili liwake, mtachoka bure.

TAA YA BETRI NA FYUZI

Taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka gari likiwa mwendoni, maana yake mchota maji amelala. Simama mahali salama utazame mkanda. Katika magari mengi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji. Ukiwa umekatika, usiendelee, injini itaungua. Kama mkanda ni mzima, zima redio na kipoza hewa, uende taratibu hadi kijiji cha karibu. Usiku usijaribu kwenda mbali, maana taa kubwa zitaumaliza mtungi upesi, na giza litakukuta kwenye kona.

Fyuzi husoma kwa rangi na namba: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ikiungua, weka nyingine ya namba ileile. Kama huna, azima ile ya redio ikiwa namba ni moja. Ikiungua tena, acha: kuna waya uliochunika mahali. Usifunge waya wala karatasi ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Hapo umemwua mlinzi, na mgeni wa pili atakuwa moto.

Ukisikia harufu ya waya unaoungua, zima gari, shusheni watu, fungua waya wa hasi kama waweza bila kuungua, na tumia mtungi wa kuzimia moto. Simu ya zimamoto ni 114, na ya polisi ni 112.

Na likianguka lori la mafuta, usilisogelee hata kwa hatua moja. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, watu walilikimbilia lori la petroli lililopinduka ili wachote mafuta. Habari za siku zile zilisema kwamba mtu mmoja alijaribu kuchomoa betri yake. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Cheche moja ya betri yatosha.

VITU VYA KUWA NAVYO

Katika gari yafaa viwemo vitu hivi: vibao viwili vya pembetatu, tochi, spana namba 10 na 12, bisibisi, koleo, msasa, fyuzi za kila rangi, waya za kubusti, lita tano za maji safi, na mtungi wa kuzimia moto. Tena ongeza daftari dogo. Mimi kazi yangu ni madaftari, kwa hiyo nisamehe nikilisifu. Andika siku betri iliponunuliwa, siku ilipoongezwa maji, siku mkanda ulipobadilishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na daftari ndilo linaloonyesha ufa.

Wewe abiria nawe una kazi. Kabla ya kukodi gari la usiku, mwombe dereva awashe taa zote, uzunguke uzitazame. Muulize vibao vya pembetatu viko wapi. Akiona haya au akikasirika, tafuta mwingine mapema, kungali mchana. Na wewe mwenye gari, Jumamosi hii wakati jua lipo, fungua boneti pamoja na kijana wako mkubwa na binti yako pia. Waonyeshe betri iko wapi, mkanda uko wapi, fyuzi ziko wapi, na upande gani wa kushukia. Siku moja watasafiri bila wewe.