Je, Yafaa Umri wa Kustaafu Uongezwe?

Katika mdahalo wa muhula uliopita, uliofanyika katika bwalo letu la chakula, hoja ilikuwa hii: Umri wa kustaafu kwa watumishi wa serikali uongezwe kutoka miaka 60 hadi 65. Mimi nilipangwa upande wa wanaoiunga mkono. Tulishinda kwa kura nyingi, nikapigiwa makofi, na kwa juma zima wenzangu wa bwenini wakawa wakiniita "Mheshimiwa". Leo nawaandikia wasomaji wa jarida letu kusema kwamba jambo nililolitetea siku ile kwa maneno matamu sasa silikubali tena, na yanipasa nieleze kwa nini.

Hoja zangu hazikuwa za uongo. Nilisema kwamba watu wanaishi zaidi kuliko zamani, nayo ni kweli. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mtoto aliyezaliwa alitazamiwa kuishi kwa wastani chini ya miaka 50. Siku hizi wastani huo umepita 65. Nikasema kwamba Waingereza walipoanza kulipa pensheni ya wazee mwaka 1909 waliwalipa wenye miaka 70, shilingi 5 kwa juma, na kwamba siku hizi, baada ya kufika 66, umri wao wapandishwa hadi 67 kati ya mwaka 2026 na 2028. Nikawataja Wafaransa, ambao mwaka 2023 walipitisha sheria ya kupandisha umri kutoka 62 hadi 64 ingawa watu walijaa barabarani kuipinga. Nikawataja jirani zetu wa Kenya, walioongeza umri wa watumishi wa serikali kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Hata hapa kwetu, nikasema, mwaka 2018 maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa waliongezewa hadi 65. Kama profesa anaweza, mwalimu wa shule ya msingi ana nini? Hapo ndipo makofi yalipolia.

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani Muheza. Baba yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana miaka 58, na kazi hiyo ameifanya tangu kabla sijazaliwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba akipalilia miche yake ya michungwa. Nikamwamkia, nikaketi juu ya gogo, nikamsimulia habari za mdahalo tangu mwanzo hata mwisho, nikitazamia kwamba atafurahi. Baba si mtu wa kukatiza maneno ya mwenziwe. Nilipomaliza aliweka jembe chini, akaniuliza, "Mwanangu, miongoni mwenu mliosema siku hiyo, yuko aliyewahi kufundisha darasa la kwanza lenye watoto tisini?"

Sikuwa na la kujibu. Jioni ile nikamsaidia kusahihisha madaftari aliyokuja nayo nyumbani. Nilihesabu, yakawa 94. Miwani yake haimfai tena kwa taa ya usiku, kwa hiyo mimi nilisoma majina naye akatia alama. Kila baada ya madaftari kumi hivi aliinuka, akanyoosha mgongo, akakohoa kikohozi kile ambacho sisi nyumbani tumekizoea hata hatukisikii. Nikajiona mjinga. Nilisimama bwaloni nikazungumza juu ya miaka mitano kana kwamba ni namba tu ubaoni.

Mara nyingi wanaosema umri uongezwe ni watu ambao kazi yao ni ya kuketi. Sina ugomvi na sheria ya maprofesa na madaktari bingwa. Kumpata daktari bingwa mmoja huchukua miaka mingi sana, na akili yake katika umri wa miaka 63 yaweza kuwa na faida kuliko ilivyokuwa alipokuwa na 40. Lakini mfikirie muuguzi wa zamu ya usiku anayemwinua mgonjwa kitandani. Mfikirie dereva wa lori la halmashauri, au mwalimu anayesimama tangu kengele ya kwanza hata ya mwisho. Vyeti vya kuzaliwa vyaweza kuandikwa mwaka mmoja, lakini miili haichakai sawasawa. Sheria ya mwaka 1999 iliweka kwamba mtumishi aweza kustaafu kwa hiari akitimiza 55, na kwa lazima akitimiza 60. Mimi naona kipimo hicho kilipimwa vizuri, maana mwenye nguvu ana nafasi ya kuendelea, na aliyechoka ana mlango wa kutokea.

Msomaji asidhani nasema haya kwa kuwa nyumbani kwetu tuna fedha za kuchezea. La, hesabu ya nyumbani yavuta upande wa pili. Baba atastaafu baada ya miaka miwili. Wakati huo mimi, Mungu akipenda, nitakuwa namaliza Kidato cha Sita, na mdogo wangu atakuwa ndiyo kwanza anaingia sekondari. Mshahara utakoma, ije pensheni ambayo ni ndogo kuliko mshahara. Kama umri ungekuwa 65, ningemaliza chuo kikuu baba angali kazini. Basi miongoni mwa wanafunzi wote wa shule hii, sijui nani angefaidika kuliko mimi.

Walakini katika nyumba hiyo hiyo yumo dada yangu. Alihitimu ualimu, na huu ni mwaka wa tatu anangoja ajira ya serikali. Amekwenda kufanya usaili, jina lake halikutoka. Asubuhi anapika vitumbua akaviuza, alasiri anafundisha watoto wa jirani masomo ya ziada barazani, na wazazi wao humlipa wakipata. Usiku ule tulipokuwa tukisahihisha madaftari, yeye ndiye aliyeyamalizia baba alipokwenda kulala. Nikatazama jambo hilo kwa muda mrefu. Aliyechoka ndiye mwenye kazi, na mwenye nguvu ndiye asiye na kazi, nao wanakula sahani moja.

Hapa ndipo nilipoona kosa la mfano wangu wa Ulaya. Uingereza, karibu mtu 1 kati ya 5 amefikia miaka 65 au zaidi. Wazee wanaolipwa ni wengi, na vijana wa kuwachangia wanazidi kupungua. Mtu aweza kuwaelewa wakiongeza umri. Sisi je? Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na zaidi ya watu 4 kati ya kila 10 walikuwa hawajafika miaka 15. Mfuko wa watumishi wa umma, ule PSSSF ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, hujazwa na michango ya walio kazini: mtumishi hukatwa shilingi 5 katika kila 100 za mshahara wake, na mwajiri hutoa 15. Dada yangu akiajiriwa leo, mfuko utapata mchango wake kwa zaidi ya miaka thelathini. Wachangiaji hatuwakosi sisi. Wamekaa barazani wanauza vitumbua.

Mwenzangu mmoja wa upande wetu, nilipomweleza haya, alinijibu jambo ambalo sikuweza kulipuuza. Alisema kwamba mzee akiondoka, nafasi yake haijazwi siku ile ile. Hiyo ni kweli, nami nimeiona kwa macho. Shuleni kwa baba, mwalimu mmoja alistaafu mwaka juzi, na hata sasa darasa lake linashikwa na kijana wa kujitolea ambaye wazazi humchangia posho. Lakini kosa hapo ni la kuchelewa kuajiri, na kumweka mzee kazini miaka mitano zaidi hakuliponyi. Kunalificha tu, na baada ya miaka mitano pengo litakuwa pale pale.

Tena nimegundua kwamba watumishi wengi wanaotaka kuongezewa umri hawapendi kazi kiasi hicho. Wanaogopa kustaafu. Mwaka 2018 zilitoka kanuni mpya za kukokotoa mafao, ambazo mstaafu angelipwa kwa mkupuo sehemu 25 tu katika 100, na zinazobaki alipwe kidogo kidogo kila mwezi, hali wengine walikuwa wamezoea kupata 50. Manung'uniko yakawa makubwa, na Desemba ya mwaka huo Rais John Magufuli akazisimamisha. Mwaka 2022 ikawa 33 kwa wote, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuipandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walipata 50. Sisemi kwamba kila mwezi ni vibaya. Wengine wakipewa zote mara moja huzimaliza mapema, hilo twalijua sote. Nasema kwamba mtu aliyebadilishiwa hesabu mara nyingi namna hiyo akiwa na miaka hamsini na kitu hawezi kulala vizuri.

Kisha kuna kungoja. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikaa miezi saba bila mshahara wala pensheni, akienda na kurudi na bahasha yake ya vyeti. Leo barua hii imekosekana, kesho jina limeandikwa kwa herufi moja zaidi. Alikopa unga kwetu mara mbili, mwanamke ambaye ndiye aliyempokea mdogo wangu alipozaliwa. Nilimwuliza baba kama yeye angependa aongezewe miaka. Alifikiri kidogo, akasema, "Miaka sitaki. Nataka nikitoka mwezi wa sita, mwezi wa saba nilipwe."

Basi hiyo ndiyo rai yangu. Umri wa 60 ubaki. Mtaalamu anayehitajiwa kweli apewe mkataba, ajulikane kwa jina na kwa sababu. Pensheni ilipwe mwezi unaofuata, na nafasi ijazwe.

Liko jambo moja ambalo mdahalo wetu haukuligusa hata kidogo. Tulibishana saa nzima juu ya watumishi wa serikali, nasi wengi wetu ni watoto wa wakulima na wavuvi, watu wasio na siku ya kustaafu. Bibi yangu ana miaka 74, na asubuhi niliyoondoka kurudi shule alikuwa amekwisha kwenda shambani kabla sijaamka, nikamwachia salamu. Zanzibar tangu mwaka 2016 kila mzee aliyefikia miaka 70 hupewa pensheni na serikali, hata kama hakuajiriwa maisha yake yote. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Angekuwa Unguja, bibi angekuwa amekwisha kuipokea miaka minne. Sijui kwa nini sisi wa bara tunazungumza sana habari za 60 na 65, na 70 hatuitaji.

Ndugu yetu aliyeongoza upande wa pili katika mdahalo ule yuko Kidato cha Nne A, naye anajua ninamwia deni. Kama mwalimu wa mdahalo atakubali hoja ile irudiwe muhula ujao, mimi nitakaa meza yake, na hoja ya bibi naomba nipewe mimi niiseme.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne B