Asibi na Wenzake Wasiotajwa

Kila msafiri wa Afrika Mashariki akijua kile cheti cha manjano kiwekwacho pamoja na pasipoti. Afisa wa afya hukipokea mpakani, akatazama mhuri na tarehe, kisha akakirudisha bila neno. Tangu mwaka 2016 cheti hicho chatosha kwa maisha yote ya mwenyewe, wala hapana haja tena ya kuchanjwa kila baada ya miaka kumi. Watu hukichukua kama jambo la serikali tu, mfano wa stempu au ushuru. Walakini chanjo inayoshuhudiwa na cheti hicho ina asili yake, na asili hiyo ni damu ya Mwafrika mmoja, iliyotolewa mkononi mwake tarehe 30 Juni 1927 mahali paitwapo Kpeve, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Gold Coast na ambayo leo ni Ghana. Mtu huyo alikuwa na umri wa miaka 28. Aliugua homa isiyo kali, akapona. Jina lake lilikuwa Asibi.

Niliwauliza wanafunzi wangu kama wapata kumsikia Asibi. Hapana aliyenyosha mkono. Nilipowauliza habari za Walter Reed, wawili walinyosha.

Nadai katika insha hii ya kuwa historia ya utafiti wa homa ya manjano imehifadhiwa kwa upande mmoja. Upande wa waliochunguza umejengewa hospitali, sanamu na maktaba. Upande wa waliochunguzwa, na wa vibarua waliowatumikia wachunguzi, umeachwa upotee. Nadai pia ya kuwa sisi tufanyao kazi ya lugha za Kiafrika tuna sehemu yetu ya lawama, na sehemu hiyo si ndogo.

Tuanze na damu yenyewe. Aliyeitoa alikuwa Daktari Alexander Mahaffy, wa tume ya Rockefeller Foundation iliyokuwa na makao yake Lagos tangu mwaka 1925. Damu ile ilitiwa katika mwili wa kima wa aina ya rhesus aliyeletwa kutoka ng'ambo, na kima akashikwa na homa ya manjano. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa kabla ya hapo watafiti hawakuwa na mnyama wa maabara wa kutegemewa wa kuuchunguzia ugonjwa huu. Lilikuwa na gharama pia: Adrian Stokes, mmoja wa watafiti wale, aliambukizwa akafa huko huko Lagos tarehe 19 Septemba 1927. Virusi vile vilipelekwa ng'ambo vikiwa vimepewa jina la Asibi. Huko New York, Max Theiler na wenzake walivikuza tena na tena katika chembe hai za vijusi vya kuku, zaidi ya mara 100, hata vikapoteza ukali wake, na mwaka 1937 wakatangaza chanjo iitwayo 17D. Theiler alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Chanjo za homa ya manjano zitumikazo leo duniani ni uzao wa 17D hiyo.

Kima yule alipewa nambari, 253-A. Asibi aliachiwa jina lake, lakini jina hilo likaondoka kwake likawa jina la kilichomo ndani ya chupa. Katika majarida ya sayansi Asibi hutajwa mara nyingi mno, na kila atajwapo si mtu bali ni mbegu ya virusi. Wazazi wake ni nani? Alisema lugha gani nyumbani? Je, aliambiwa damu yake yapelekwa wapi, na kama aliambiwa, ni kwa maneno gani na kupitia kwa mkalimani gani? Vitabu vya utafiti huu havijibu, kwa sababu waandishi wake hawakuona haja ya kuuliza.

Atasema mtu ya kuwa nyakati zile hazikuwa na desturi ya kuandika habari kama hizo. Si kweli, na ushahidi uko Cuba. Mwaka 1900 tume ya jeshi la Marekani, ya Walter Reed, James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte, ilifanya uchunguzi karibu na Havana ili kupima fikira ambayo Mcuba Carlos Finlay alikwisha kuitangaza mwaka 1881, kwamba mbu ndiye mchukuzi wa homa ya manjano. Lazear alikufa kwa ugonjwa huo tarehe 25 Septemba 1900, na kambi ya majaribio ikaitwa kwa jina lake. Kambini waliingia, pamoja na askari, wahamiaji maskini kutoka Hispania, na kila mmoja wao aliwekeana mkataba na tume: dola 100 za dhahabu kwa kukubali, na dola 100 nyingine akiugua. Mmoja wao alikuwa Antonio Benigno. Mkataba wake ni wa tarehe 26 Novemba 1900. Waeleza ya kuwa yu zaidi ya miaka 25, ya kuwa ni mzaliwa wa Cerceda katika jimbo la Coruña, na wataja jina la baba yake na jina la mama yake. Sisifu biashara ile. Dola 100 mbele ya mtu mwenye njaa ni hiari ya namna yake. Lakini karatasi ipo. Miaka 27 kabla ya Asibi, mtu maskini aliyejaribiwa kwa homa ya manjano aliandikwa kwa jina, kijiji na wazazi.

Na karatasi ile haikujihifadhi yenyewe. Philip Hench, daktari wa maradhi ya viungo aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1950, alitumia miaka mingi kuwaandikia barua waliojitolea ambao walikuwa wangali hai, kukusanya picha na hati, na kutafuta mahali hasa kambi iliposimama. Mwaka 1952 serikali ya Cuba ilipafanya mahali hapo kuwa ukumbusho, na makusanyo yake leo yako Chuo Kikuu cha Virginia. Hench hakuwa mwanahistoria. Aliuliza mapema tu, kabla wazee hawajafa.

Ghana nayo ina ukumbusho mkubwa. Hideyo Noguchi, mtafiti kutoka Japani, alifika Accra mwaka 1927 akiwa ameshikilia kwa miaka mingi ya kuwa homa ya manjano huletwa na bakteria fulani aliyemvumbua yeye. Alikosea. Aliugua homa hiyo akafa Accra tarehe 21 Mei 1928, na siku tisa baadaye alimfuata Daktari William Young aliyekuwa mwenyeji wake katika maabara. Leo Legon ipo taasisi ya utafiti yenye jina la Noguchi, iliyoanzishwa mwaka 1979 kwa msaada wa Japani, na toka 2004 hata 2024 sura yake ilikuwa juu ya noti ya yen 1,000. Simwonei kijicho, alilipa kwa uhai wake, na taasisi ile ina faida kubwa kwa watu. Lakini pimeni wenyewe: aliyekosea ana taasisi na noti, na aliyetoa damu iliyokuwa mwanzo wa jibu hana hata kibao cha mbao.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1936 Rockefeller Foundation ilifungua taasisi ya utafiti wa homa ya manjano Entebbe, Uganda, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mahaffy, yule yule aliyemtoa Asibi damu. Mwaka 1950 ikawa taasisi ya virusi ya Afrika Mashariki nzima, na tangu 1977 ni ya Uganda. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufumbua fumbo: virusi vilionekana kuwapo katika misitu ya Bwamba, magharibi mwa Uganda, nao mbu wa mijini aliyelaumiwa Havana hakuonekana kuwa ndiye mwenye hatia. Alexander Haddow na wenzake walionyesha njia. Juu ya miti mirefu kuna mbu aitwaye Aedes africanus, awaumaye kima usiku walalapo. Kima hushuka mashambani kuiba ndizi, na huko kuna mbu mwingine, Aedes simpsoni, azaliwaye katika maji yaliyotuama kwenye makwapa ya majani ya migomba. Huyo huwauma kima, kisha huwauma wakulima.

Mambo haya yalijulikanaje? Yalijulikana kwa kuwa watu walikaa juu ya majukwaa mitini, mchana na usiku, saa 24 kwa zamu, wakiwakamata mbu waliotua juu ya miili yao wenyewe. Mwaka 1960 mnara wa chuma wa futi 120 ulisimamishwa katika msitu wa Mpanga, na mwaka 1964 ukahamishiwa msitu wa Zika, ili kazi hiyo ifanywe katika kimo mbalimbali kwa wakati mmoja. Taarifa zatupa hesabu ya mbu kwa kila saa na kwa kila kimo. Mguu walioutua ulikuwa wa nani, aghalabu hazisemi. Katika msitu huo huo wa Zika, mwaka 1947, kima aliyewekwa mtini kama mtego wa homa ya manjano alitoa virusi vipya vilivyoitwa Zika. Nambari ya kima huyo, 766, yajulikana ulimwenguni. Jina la aliyempandisha mtini nani alijuaye?

Karatasi za Haddow ziko Chuo Kikuu cha Glasgow. Za Rockefeller ziko katika nyumba yao ya nyaraka, jimbo la New York. Ni vema zimetunzwa. Lakini mwanafunzi wa Makerere au wa Dar es Salaam atakaye kuisoma historia ya msitu ulio njiani kwao hana budi kuomba viza.

Wapo wenzangu wasemao ya kuwa mambo haya ni ya waganga na wanahistoria, si ya idara ya Kiswahili. Nawauliza: mwaka 1955 wachunguzi walipoeleza homa iliyozuka Newala mwaka 1952 na 1953, mmoja wao, Lumsden, akiwa mtu wa taasisi hiyo ya Entebbe, waliipa jina gani? Chikungunya, neno la Kimakonde, lililotoka vinywani mwa wagonjwa waliopindwa na maumivu ya viungo. Hata leo viko vitabu viandikavyo ya kuwa ni neno la Kiswahili, nasi tumenyamaza. Jina la ugonjwa lilichukuliwa kwa msemaji, na msemaji hakuandikwa. Kama hiyo si kazi ya mtaalamu wa lugha, sijui kazi yake ni ipi.

Wengine watasema ya kuwa adabu ya uganga yakataza kutaja majina ya wagonjwa. Adabu hiyo ni njema, nami naishika. Ila yafaa mgonjwa mwenyewe, au jamaa zake, ndio waseme kama wataka kufichwa. Asibi hakufichwa, jina lake lilitangazwa na habari zake zikaachwa. Na wale wa mnarani hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wafanyakazi.

Kijana aliyepanda mnara wa Mpanga mwaka 1960 akiwa na miaka 20 leo amekwisha kupita 80. Wa majukwaa ya Bwamba wachache mno wamesalia, kama wamesalia. Tumejua kusafiri kwa dau na kwa mguu kutafuta miswada ya tenzi. Tunao wanafunzi wasemao Kiganda, Lubwisi na Kimakonde, na kila mmoja ana simu iwezayo kunasa sauti. Likizo ijayo nataka wachache wao waende Entebbe, Mpigi na Bundibugyo, wakawaulize wazee: Ulilipwa shilingi ngapi kwa usiku mmoja? Nani alikuandika kazi, kwa lugha gani? Mbu alipotua, mlimwitaje? Mwenzako wa zamu alikuwa nani? Uliugua? Na mkiwa juu kule gizani, mlizungumza nini mpaka asubuhi?