Kwa nini fungate ya Nakuru inaipita Lamu na kwenda Maldivi?

Ndugu msomaji, hapa Nakuru ninakofanyia kazi, ukiketi na vijana waliooana karibuni utasikia majina ambayo zamani tuliyasikia kwa matajiri wa Nairobi pekee: Phuket, Bali, Maldivi. Hawa si watu wa pesa nyingi. Ni walimu, wauguzi, makarani wa kaunti, wenye maduka ya pembejeo za kilimo, watu wanaoweka akiba kwenye sako mwaka mzima ili wapate siku tano za kupumzika kando ya bahari. Wengi wao hawataenda. Lakini hesabu wameshaanza kuipiga, na katika hesabu hiyo Pwani yetu hutajwa mwisho, au haitajwi kabisa.

Ukiwauliza sababu, hawakwambii kwamba bahari ya kule ni nzuri kuliko ya Diani au Watamu. Wanakwambia, "Kule najua nitalipa ngapi kabla sijatoka nyumbani." Jibu hilo ni dogo, lakini limebeba riziki ya watu wengi wa kwetu, na ndilo ninalotaka tulitazame leo.

Tuweke hesabu mezani. Tuseme mume ni mwalimu Njoro na mke ni muuguzi mjini Nakuru. Wakitaka kuja Mombasa, nauli si mzigo mkubwa. Daraja la kawaida la Madaraka Express ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, kwa hiyo kwenda na kurudi watu wawili ni shilingi 6,000, juu yake uongeze matatu ya Nakuru hadi Nairobi. Reli mpya haikufika Nakuru. Iliishia Suswa mwaka 2019, na abiria wetu hana budi kushuka Nairobi kisha ajipeleke mwenyewe hadi stesheni ya Syokimau. Kwa ratiba tuliyoizoea, treni ya asubuhi haiwahi asipotoka kwake usiku wa manane. Akipanda ya saa tisa alasiri anafika Miritini usiku. Akipanda ya saa nne usiku anashuka kabla ya adhana ya alfajiri.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mume na mke wanasimama na mabegi gizani, na bei ya teksi inapanda kwa kusikiliza lafudhi yao tu. Chumba walichokiona kwenye simu kina picha za miaka mitano nyuma. Mashua ya kwenda kutazama pomboo ina bei tatu kabla ya chai. Ufuoni bichi boi wanne wanawaandama, kila mmoja na shanga zake au ngamia wake, na neno "hatutaki" halisikiki. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kubwa peke yake. Lakini mtu aliyekusanya akiba kwa miezi kumi na miwili, kila shilingi imepangiwa kazi, hana fungu la mapatano. Anarudi Nakuru na hadithi, na hadithi hiyo inasimuliwa kwenye chumba cha walimu muhula mzima.

Sasa tazama Maldivi. Hakuna ndege ya moja kwa moja, unapitia Dubai au Doha, na tiketi hiyo ndiyo inayomeza pesa. Viza ya utalii ya siku 30 hupewa pale uwanjani bila malipo. Chumba cha kawaida katika gesti ya kisiwani hupatikana kwa dola 50 hadi 80 kwa usiku. Ushuru wa mazingira katika gesti ndogo ni dola 6 kwa kila mgeni kwa siku, umeandikwa. Nauli ya boti kutoka Malé imeandikwa. Safari ya kwenda kuzamia matumbawe imebandikwa ukutani pamoja na bei yake. Ukijumlisha yote, Maldivi ni ghali mara kadhaa kuliko Mombasa, na wala vijana hawa hawapingi. Ila ni ughali wa wazi, na mtu wa mshahara huogopa asichokijua kuliko anavyoogopa kikubwa.

Wako watakaosema hao wenzetu wa Maldivi wamebarikiwa tu. Si kweli. Hoteli yao ya kwanza ya kitalii, Kurumba, ilifunguliwa 1972, na kwa miaka mingi wageni waliwekwa kwenye visiwa vya hoteli peke yake, mbali na wenyeji. Pesa ziliingia kwa wenye hoteli. Mvuvi wa kisiwa cha jirani aliona taa usiku, basi. Mambo yalibadilika baada ya Rais Mohamed Nasheed kuingia madarakani mwaka 2008, pale serikali iliporuhusu wananchi kufungua gesti katika visiwa wanavyoishi. Kisiwa cha Maafushi, ambacho watu wengi walikijua kwa sababu ya jela yake, kikawa mstari wa mbele. Familia ziligeuza vyumba vyao kuwa vya wageni. Mwenye mashua akapata abiria, mama lishe akapata wateja.

Na hao, msomaji wangu, ni Waislamu kama sisi. Bahari ni moja. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 na akawasifu watu wake kwa uchaji na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri. Miaka kumi na kitu baadaye akawa kadhi katika visiwa hivyohivyo vya Maldivi. Katiba yao inasema raia lazima awe Mwislamu. Kwenye visiwa wanavyoishi watu, pombe ni marufuku na nguruwe pia. Mgeni anayetaka kuvaa nguo za kuogelea ametengewa ufuo wake, wenye uzio au majani ya kusitiri, na akitoka pale anajifunika. Haya yote anaambiwa mapema, kwa maandishi, kabla hajalipa.

Hapa pana fundisho kwetu. Wazee wa Lamu, Malindi na Pate wana hofu ya utalii, na hofu yao ina msingi. Tumeona vijana wetu walivyopotelea ufuoni. Tumeona mabinti walivyoharibiwa. Tumeona nyumba za mawe za mababu zikiuzwa kwa wageni mpaka mwenye mtaa akawa mpangaji. Lakini namna tulivyoijibu hofu hiyo ni kunung'unika barazani. Mgeni akipita na kaptula mbele ya msikiti tunamkata jicho, hatumwambii. Akija na mwenzake ambaye hatujui kama ni mkewe, mwenye nyumba anaona haya kuuliza, anapokea pesa, kisha analalamika kwa jirani. Vijana walewale wa Nakuru, wengi wao Wakristo, wakifika Maafushi wanazifuata sheria bila manung'uniko kwa sababu wameambiwa. Wakifika kwetu wanakosea kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Sitaki nikuuzie Maldivi kama pepo. Maafushi leo kimejaa majengo ya ghorofa hadi mtu anatafuta upepo. Meli zenye baa zimetia nanga nje kidogo ya kisiwa, na mgeni anayetaka pombe anachukuliwa kwa boti, kwa hiyo sheria ina mlango wa nyuma. Kazi nyingi za chini zinafanywa na vibarua kutoka Bangladesh. Takataka za Malé na hoteli zimejaza kisiwa kizima kiitwacho Thilafushi. Nchi ya watu wapatao nusu milioni iliyopokea wageni zaidi ya milioni 2 mwaka 2024 haiwezi kukosa majeraha. Lakini linganisha: mwaka huohuo Kenya nzima, yenye mbuga, milima, maziwa na pwani yote hii, ilipokea wageni wa kimataifa milioni 2.4 hivi.

Kwa hiyo kwa nini nahangaika na mwalimu wa Njoro, badala ya kuwawaza Wajerumani na Waitaliano? Kwa sababu historia imetuonyesha nani hubaki. Mei 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake kuhusu Mombasa, kampuni za utalii ziliwaondoa wateja wao kwa ndege. Hoteli zikafunga, na wapishi, wahudumu na wafua nguo wakarudi nyumbani. Machi 2020 Kenya ilisitisha ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya korona, hadi Agosti mosi. Mara zote mbili, walioanza kurudi kulala vitandani mwetu walikuwa Wakenya kutoka bara. Mgeni wa bara hahitaji ubalozi wake umruhusu. Anahitaji likizo ya shule, nauli, na hakika kwamba hataliwa.

Naivasha, katika kaunti hii hii ya Nakuru, wamelishika jambo hili. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, mji hufurika vijana wa Kikenya, na mwenye chumba cha ziada hukipangisha. Nako bei huruka, na malalamiko yapo. Lakini hawamdharau mgeni kwa kuwa ni Mkenya. Sisi bado tunaye yule mhudumu anayempita Mkenya mwenye viatu vya vumbi ili akamkimbilie Mzungu mwenye kandambili.

Nini kifanyike? Kwanza, bei. Serikali za kaunti za Lamu, Kilifi, Kwale, Tana River na Mombasa zinaweza kuandikisha nyumba za familia zinazopokea wageni, zikazikagua, na kutangaza bei ya chumba, chakula na usafiri kutoka stesheni. Mali bila daftari huisha bila habari, na mgeni bila orodha ya bei huisha vilevile. Anayefika Miritini usiku akute dereva mwenye jina na bei iliyokubaliwa. Anayekwenda Diani aelezwe kwamba barabara ya Dongo Kundu sasa inamfikisha Kwale bila feri ya Likoni.

Pili, masharti ya nyumba yaandikwe kwa Kiswahili fasaha na chenye adabu: mavazi mitaani, pombe, wakati wa swala, upigaji picha wa watu na wa misikiti, wageni wa usiku. Mwenye nyumba anayetaka cheti cha ndoa aseme mapema, na asiyetaka aseme pia. Asiyeyapenda masharti atafute kwingine, hakuna ugomvi. Hili litailinda dini yetu kuliko minong'ono.

Tatu, njia za kwenda ufuoni. Ufuo ni wa umma, lakini Diani hadi Nyali malalamiko ni yaleyale ya vijia vilivyozibwa kwa kuta za watu binafsi. Gesti ya mwenyeji iliyo nyuma ya barabara haiwezi kuishi kama mgeni wake hafiki majini. Kabla kaunti haijachapisha vipeperushi vya rangi, ifungue vijia hivyo.

Nne, tupande tuje huku bara. Tulizoea kusema kizuri chajiuza, lakini Phuket na Bali vinajiuza kwa simu kila dakika. Mtaa wa Bondeni hapa Nakuru una Waislamu wa tangu zama za reli, na wenye jamaa Pwani hawakosi. Hao wangekuwa mawakala wetu wa kwanza. Chama cha akina mama wa Molo, sako ya walimu, kwaya ya kanisa, jamaa wa msikiti: wote wanapanga safari za pamoja, na hakuna anayewajia kutoka kwetu na karatasi yenye bei.

Lamu nimeitaja kwenye kichwa cha makala haya kwa sababu ndiyo inayofanana zaidi na kile vijana wanachokifuata ng'ambo: kisiwa, mashua, mji usio na magari mengi, watu wa dini na wakarimu, na tangu 2001 mji wake wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ninajua usalama wa barabara ya Witu na vizuizi vyake vya polisi vimewatisha wengi tangu mauaji ya Mpeketoni mwaka 2014, na hilo ni deni la serikali kuu. Lakini bei ya mashua kutoka jeti ya Mokowe au Manda haisubiri serikali kuu. Iko mikononi mwa manahodha wenyewe, wakikaa siku moja wakakubaliana na kuibandika.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Vyama vingi vya hapa Nakuru huvunja kibubu mwezi Desemba, na uamuzi wa wapi pesa ziende hufanywa wiki kadhaa kabla. Basi karatasi hiyo ya bei na masharti iwe imefika Bondeni, Njoro na Molo kufikia Oktoba, inshallah. Mwaka huu ikikosekana, yule muuguzi atafungua simu yake na kuikuta ya Maafushi.