Damu na Dhahabu ya Perpignan

Aingiaye uwanja wa raga wa Perpignan, kusini mwa Ufaransa, ataiona ikipepea kila upande bendera ya mistari minne myekundu juu ya rangi ya dhahabu. Ndiyo bendera ya Wakatalani, ambao nchi yao iligawanywa mwaka 1659 kati ya Ufaransa na Hispania. Klabu ya USAP huvaa rangi hizo, na mashabiki huziita damu na dhahabu. Damu hapo si neno la mzaha: uwanja umepewa jina la Aimé Giral, kijana ambaye mkwaju wake uliuletea mji ubingwa mwaka 1914, naye mwaka uliofuata akafa vitani. Ngao ya ubingwa ilirejea huko mara ya mwisho mwaka 2009, baada ya kungojewa miaka 54.